Ufa Niliokisingizia Kinu

Watu wa ploti yetu, jengo la wapangaji hapa Tassia, huniita daktari wa nyufa, na sijawahi kuwakataza. Mtu akiona mstari umejichora juu ya mlango wake, hata kabla hajamwambia keateka anayetunza ploti, huja kunigongea. Nami hupanda ngazi na tochi, kisu kidogo na penseli, uso nimeukunja kama mtu aliyeitwa kuokoa maisha. Mara nyingi huwa ni plasta tu.

Kinachonikera ni methali. Hakuna nyumba ninayoingia nisikumbushwe kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Aliyeisema nadhani alikuwa mtu wa nyumba za udongo, na kwa udongo alisema kweli. Zege ni jambo jingine. Ufa wa zege ukiuziba kabla hujajua umetoka wapi, umejiziba macho mwenyewe. Mzee aliyenifunza kazi, aliyekarabati nyumba za baraza la jiji huku Eastlands mpaka akazeeka, hakuruhusu mtu ashike mwiko kabla ya kumjibu maswali matatu: ufa umeanzia wapi, unaelekea wapi, na umepanuka zaidi upande gani. Ukishindwa kujibu, unarudishwa kuchota maji.

Kutoka kwake nilijifunza kuzitofautisha. Kuna nyufa za ngozi, zile nyembamba zinazotapakaa ukutani kama matope yaliyokauka. Hizo ni plasta iliyokaushwa na jua kwa sababu fundi alikuwa mvivu wa kuimwagia maji. Hazina dhara, ni aibu tu. Kuna ufa unaoanzia kwenye kona ya dirisha ukashuka mshazari. Huo mara nyingi unatoka chini kwenye msingi, maana udongo mweusi wa huku kwetu Embakasi huvimba kwa mvua na kunywea kwa kiangazi, na nyumba inapanda na kushuka nao. Kuna ufa unaofuata chuma kilicho ndani, pembeni yake pana madoa ya kutu. Huo unakwambia chuma kiliwekwa karibu mno na nje, sasa kinaliwa. Kuna ule wa tumboni mwa boriti, katikati, unaofunguka kwa chini. Ukiuona huo, uliza ni nani ameongeza ghorofa au ameweka matangi ya maji juu ya paa bila kumuuliza mtu.

Halafu kuna ufa ulionyooka. Unatoka ukuta mpaka ukuta, kana kwamba mtu ameupigia rula. Hautokani na udongo, wala jua, wala mzigo. Unatokana na watu kuacha kumwaga zege katikati ya kazi, wakarudi baadaye na kuendelea kana kwamba hawakuondoka. Zege la asubuhi na zege la mchana hukaa bega kwa bega bila kushikana. Ni huo ninaotaka kuueleza, kwa sababu mmoja wao niliufanya mimi, halafu nikamtwika mtu mwingine.

Ploti hii nilijenga mimi. Sikujenga peke yangu, lakini ndipo nilipofanywa foremani kwa mara ya kwanza, na ilipokamilika mwenye ploti akanipa nyumba ya ghorofa ya pili niishi humo na familia yangu, niwe nikitengeneza kinachoharibika. Slabu, ile sakafu ya zege ya ghorofa ya tatu, ndiyo dari ya sebule yangu. Nimekula chini yake, nimelala chini yake, na wageni wangu wote nimewakaribisha chini yake.

Aliyewahi kufanya mjengo anajua kwamba siku ya slabu si siku kama nyingine. Mashine ya kuchanganyia inaanza kunguruma alfajiri, wanaume wanapanga foleni kwenye ngazi za mbao na karai mabegani, wanawake wanachota maji kwenye mapipa, na hakuna mtu utakayemkuta ameegemea kitu. Siku hiyo mwenye ploti huleta mbuzi. Mbuzi huyo huliwa kwa zamu: watu watano wanashuka, wanakula upesi, wanapanda, wengine watano wanashuka. Zege halingoji mtu. Zege jipya lazima likute la kwanza bado bichi ndipo yawe kitu kimoja. Kama ni lazima usimame, unachagua mahali panapofaa, unasimamisha ubao, na ukirudi unachimba uso ule uliokauka, unauosha, unaupaka uji wa saruji, ndipo uendelee. Haya yote niliyajua. Sitaki mtu anihurumie akidhani sikuyajua.

Siku ya slabu ile ya tatu, mwenye ploti alikuja na wageni: wakwe zake na watu wa kanisa lake, wamevaa nguo za Jumapili na viatu visivyopenda vumbi. Akaniita kando akasema wageni wangefurahi sana kuwaona wafanyakazi wote wameketi pamoja, waombewe, halafu wageni wamjue foremani. Kwetu mjengoni foremani hupewa mguu mzima wa mbuzi mbele ya watu. Nikatazama juu. Tulikuwa tumepita nusu kidogo tu, na jua lilikuwa kali. Nikauona ule mguu. Nikawaambia wote washuke.

Yakafanywa maombi, na hayakuwa mafupi. Zikafuata hotuba. Mimi niliambiwa nisimame nijitambulishe, watu wakapiga makofi, nami nikahutubia kuwashinda wote. Nilieleza nilikoanzia, nilivyochota maji ya mafundi mpaka nikafika hapa. Bado nakumbuka nilivyojisikia mtamu wakati ule. Tulipopanda tena, rafiki yangu mmoja fundi, tuliyeanza kazi pamoja, alichomeka mwiko kwenye ukingo wa zege letu la asubuhi na mwiko haukuingia.

"Foremani, hii imeshika," akasema. "Tuichimbe kwanza."

Nilichungulia chini. Wageni walikuwa bado uwanjani wakitutazama, na mmoja wao alikuwa akitupiga picha kwa simu. Kuchimba kungekuwa kuwaonyesha kwamba foremani waliyempigia makofi amekosea. Nikamwambia amwage. Alinitazama kidogo, kisha akamwaga.

Kwa karibu miaka miwili sikuona kitu. Mama mmoja akahamia nyumba iliyo juu yangu. Alikuwa mjane wa makamo kutoka upande wa Busia, kama mke wangu, na tulimwita mama wa karanga kwa sababu hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake. Alikaanga karanga asubuhi, na mchana akazitwanga kwenye kinu cha mti alichotoka nacho nyumbani, mpaka zikawa laini na kutoa mafuta. Wateja wake walitoka hadi Pipeline. Walisema karanga ya mashine haina ladha ya mkono. Chini ya kinu alitandika gunia lililokunjwa, na juu ya gunia kipande cha zulia, asitusumbue. Tulimsikia, lakini kwa mbali, du, du, du, na watoto wangu walikuwa wakisinzia kwa sauti ile.

Jumapili moja jumuiya ya kanisa letu ilikutana kwangu. Watu walikuwa wamejaa sebuleni, chai imeshamiminwa, na mama yule yuko juu anatwanga oda ya mtu. Tukiwa katikati ya sala, kipande cha plasta kikaanguka kutoka darini, kikatua kwenye kikombe cha katekista. Sote tukatazama juu. Palikuwa na mstari. Ulitoka ukuta wa mlangoni mpaka ukuta wa dirishani, umenyooka, na mahali pawili ulikuwa na unyevu.

Niliujua pale pale. Mtu hahitaji kuonyeshwa mwanawe. Niliona mpaka mahali tulipoachia, hatua chache kutoka kwenye boriti, na nikaona wageni wa viatu vizuri wakipiga makofi. Katekista alikuwa bado anapangusa chai kwenye shati, akasema, "Ni hicho kinu cha juu."

Watu wote wakanigeukia mimi, daktari. Ningeweza kunyamaza tu. Nikasema ndiyo, ni kinu.

Nadhani uongo ule nilipewa ukiwa tayari umepikwa, mimi nikameza. Lakini haukuishia hapo. Kufikia jioni, picha ya dari yangu ilikuwa kwenye simu za wapangaji wote, na huku kwetu, ambako watu wameshaona ghorofa zikilala chini, picha ya ufa si mchezo. Ukaitishwa mkutano pale chini penye kamba za kuanikia nguo. Nikaombwa nieleze kitaalamu. Nikaeleza. Nilisema pigo lile lile likirudia mahali pamoja kila siku, zege huchoka kama mtu. Nilitaja neno mtetemo mara nyingi kuliko ilivyohitajika. Watu walitikisa vichwa kwa heshima. Rafiki yangu yule fundi hakuwepo, alikuwa ameshahamia mjengo mwingine mbali, na nilishukuru.

Mama wa karanga alisimama nyuma, amejifunga leso, mikono bado ina mafuta. Hakubisha hata kidogo. Alisema, "Sikujua, ndugu zangu. Nimewaweka watoto wenu hatarini na sikujua. Mnisamehe."

Kesho yake alipita mlango kwa mlango kuomba msamaha tena, mmoja mmoja, kwa sababu wengine hawakuja mkutanoni. Alipofika kwetu alikuwa na kopo la karanga. Mke wangu alilipokea kwa mikono miwili. Mimi nilikuwa nimeketi mbele ya televisheni nikijifanya nafuatilia habari.

"Fundi, asante kwa kugundua mapema," akaniambia kutoka mlangoni. "Tungekufa hapa kwa sababu yangu."

Nikamwambia haidhuru. Hilo ndilo nililomwambia, haidhuru, kama bwana mkubwa anayesamehe. Na karanga nilizila, wiki nzima, kwa mkate. Mpaka leo nikisikia harufu ya karanga inayokaangwa, hata barabarani, nageuza njia.

Kinu kilinyamaza tangu siku ile. Alijaribu kupeleka karanga zake kwa mashine ya kusaga, lakini wateja walionja, wakatafuta mwingine. Miezi michache baadaye akahama. Alipokuwa akipakia vitu kwenye mkokoteni, watoto wa ploti walimsaidia kubeba, nami niliona kinu kikishushwa ngazini na watu wawili, polepole, wasije wakagonga ukuta. Nilikuwa dirishani. Sikushuka.

Sasa nisikilizeni nilivyo mtu wa ajabu. Baada ya kinu kunyamaza, nilichukua kipande chembamba cha kioo nikakibandika darini kwa saruji, kimevuka ufa, kichwa huku na kichwa huku. Mzee aliyenifunza kazi alipenda njia hiyo. Kioo hakinyumbuki, kwa hiyo ufa ukisogea hata kwa unywele mmoja, kinakatika. Alikiita shahidi. Nilikiweka nikiomba kisikatike, kana kwamba ningeweza kuulazimisha uongo wangu uwe kweli kwa kuombea kioo. Tena siku hizo nyumba ya juu ilikuwa tupu, haijapata mpangaji. Hapakuwa na mtu, hapakuwa na kiti.

Jumanne moja mchana tulikuwa tunakula, mimi na mke wangu, ugali na sukuma wiki. Kitu kikalia juu, kidogo tu, kama mtu amevunja kijiti. Tukatazama. Kioo kilikuwa kimekatika katikati.

Mke wangu aliweka tonge chini. "Na leo," akauliza, "ni nani ametwanga?"

Nikamwambia ni joto. Aliendelea kunitazama mpaka nikainuka. Alasiri hiyo hiyo nilibandua shahidi wangu, nikaziba ufa kwa saruji nyeupe, nikaupiga msasa na kuupaka rangi, kazi safi kiasi kwamba hata mzee wetu asingeuona mstari. Mke wangu hakulitaja jambo lile tena. Kimya cha mke wangu nakijua. Akikasirika anaongea. Akinyamaza ni kwamba ameshanihukumu na anangoja mimi mwenyewe nijue hukumu ni ipi.

Mvua za masika zilipokuwa nyingi na habari za nyumba zinazoanguka zikawa kila mahali, mwenye ploti aliogopa akamleta injinia. Alikuwa msichana, kwa umri angeweza kuwa binti yangu, buti zimejaa matope na kinyundo kidogo mkononi. Alipita nyumba zote. Alipofika kwangu alisimama katikati ya sebule, akainua macho, akaomba kiti. Akapanda, akagongagonga dari kwa kinyundo huku ametega sikio, kisha akakwaruza rangi yangu nzuri kwa ncha ya kisu. Ilichukua dakika tatu. Miaka yangu yote ya udaktari, dakika tatu.

"Hapa zege lilisimamishwa," akasema. "Tena kwa muda mrefu. Nani alikuwa foremani?"

"Ni mimi."

"Mlikuwa mnafanya nini?"

Nilitafuta neno la kitaalamu. Sikulipata. "Tulikuwa tunakula," nikasema.

Hakucheka. Aliandika. Aliuliza pia kama kuna kitu kizito kiliwahi kukaa juu, nikasema kulikuwa na kinu cha kutwangia karanga. Akainua macho kwenye karatasi, akanitazama kama mtu aliyeambiwa nyumba imepasuliwa na paka. Akasema kinu hakiwezi, na akaendelea kuandika.

Nguzo tano za chuma zikasimamishwa sebuleni mwangu kubeba dari. Zilikaa wiki saba. Mafundi wengine, si mimi, walichimba ule mshono, wakausindilia saruji maalumu kwa pampu, wakapitisha boriti ya chuma chini yake. Wageni waliokuja walizunguka nguzo kufikia viti. Mke wangu alianika taulo la jikoni kwenye moja. Mwenye ploti nilimweleza yote. Nilidhani atanifukuza. Alicheka kwa pua, akasema mbuzi yule kweli alikuwa mtamu, halafu akanionya nisiwaambie wapangaji kitu, wasije wakahama. Na mimi, badala ya kukasirika, nilifurahi. Nilikuwa nimepata sababu nyingine ya kunyamaza, na safari hii haikuwa yangu.

Siku nguzo zilipotolewa, mke wangu alifagia vumbi, akarudisha meza mahali pake, akakaa. "Nguzo zimetoka," akasema. "Yule mama je?" Kisha akanipa namba ya simu na maelezo ya njia. Kumbe siku zote walikuwa wakisalimiana. Alikuwa amehamia Lucky Summer.

Nilikwenda Jumamosi asubuhi. Nyumba yake ilikuwa ya chini kabisa, mlango unafungukia uani. Alikuwa akiuza mboga langoni, akamwachia jirani meza yake na kunikaribisha ndani kwa furaha ambayo sikustahili. Aliuliza habari za mke wangu, akauliza za watoto, mmoja mmoja. Aliniwekea chai. Wajukuu wake wawili walikuwa wakicheza sakafuni, na yule mdogo akaruka kutoka kwenye kochi.

"Polepole," mama akamwambia, bila hata kugeuka. "Mtapasua nyumba za watu."

Niliangalia sakafu. Chini yake hapakuwa na nyumba ya mtu. Palikuwa na udongo. Nikaangalia miguu ya viti, yote ilikuwa imefungwa vitambaa. Kinu kilikuwa pembeni, kimepinduliwa, kimefunikwa kitambaa cha kufuma, juu yake redio ndogo. Mtoto alishuka kwenye kochi mara ya pili akikanyaga kwa ncha za vidole, na nikaelewa kwamba ndivyo alivyofundishwa kutembea.

Nikaiweka chai chini nikamwambia. Nilimweleza mbuzi, na wageni, na mwiko ambao haukuingia. Nilimweleza shahidi wa kioo na nyumba tupu. Nilijitahidi nisijitetee, na nadhani nilishindwa mara mbili. Mama alisikiliza mikono yake ikiwa mapajani.

"Ulijua lini?" akauliza.

"Siku ile ile plasta ilipoanguka."

"Kabla sijapita milangoni."

"Kabla, mama."

Halafu akasema, "Milango thelathini na miwili, fundi," kwa sauti ile ile aliyoniulizia watoto. Nilimwomba msamaha. Hakusema amenisamehe wala hakusema hajanisamehe. Alisema nilimsema mbele ya watu, basi nikamwitie mkutano niseme tena mbele ya watu, na yeye atakuja.

Nilimwambia mwenye ploti kwamba nitawaambia wapangaji, na kama nyumba anaitaka, achukue. Alinung'unika lakini hakuichukua. Jumapili iliyofuata tulikutana pale penye kamba za nguo. Mama alikuja amevaa vizuri, kitambaa cha kichwa kimepigwa pasi, akasimama mbele, si nyuma. Nilisema yote. Nilijiandaa kutukanwa, na kusema kweli nilikuwa nikitaka kutukanwa, niende nyumbani nikiwa nimelipishwa.

Lakini Tassia watu huhama. Katika wote waliokuwapo siku ya mkutano ule wa kwanza, niliwahesabu wanne. Waliobaki walikuwa wageni. Walisikiliza habari ya ufa, wakauliza kama umetengenezwa, wakaambiwa na keateka kwamba umetengenezwa, wakaanza kutoa simu mifukoni. Kijana mmoja wa ghorofa ya tano akamwinamia mwenzake, lakini sauti yake ilisikika.

"Kwani huyu mathe ni nani?"

Nilimwona mama amesikia. Nilikuwa nimemrudishia jina lake mahali ambapo hakuna aliyekumbuka kwamba liliwahi kuchukuliwa. Wengi wa wale thelathini na wawili waliomfungulia milango, wakamwona akijishusha, wametawanyika jiji zima, Pipeline, Kayole, wengine mashambani kwao, na huko waliko bado anapasua nyumba kwa kinu. Hao siwezi kuwaitia mkutano.

Mke wangu alimshika mkono akamwambia apande tunywe chai. Lakini mama akasema kwanza angependa kuiona ile nyumba yake ya juu. Anayeishi hapo sasa ni msichana wa kazi ya kiwandani, akatufungulia. Mama alivua viatu mlangoni. Sakafuni mstari ulikuwa bado unaonekana, utepe wa saruji mpya katikati ya ile ya zamani, kwa sababu fundi aliyeumalizia hakuwa mtu wa kujali sura. Nilitangulia. Nilisimama juu ya ule mstari na kuukanyaga kwa kisigino, mara mbili, kwa nguvu, aone.

"Pita tu, mama," nikamwambia. "Ni imara sasa. Hata ukitwanga hapa, hapatikisiki."

"Najua," akasema.

Akashika ukuta kwa mkono mmoja, akatembea kando ya mstari mpaka mwisho wake bila kuukanyaga, akipita kwa ncha za vidole.